Somo la Historia: Kuutafuta Ukoo Katika Madaftari ya Hesabu ya Watu

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu, kwa maana leo tutaandika kidogo.

Habari za wafalme na za vita zimejaa vitabuni. Lakini je, mkulima asiye na shamba lake mwenyewe, au mwanamke afanyaye kazi katika jikoni la watu wengine, habari zake zitapatikana wapi miaka mia moja baada ya kufa kwake? Mara nyingi hupatikana katika daftari la hesabu ya watu, na pengine katika daftari hilo tu. Leo tutatazama watu wa Ayalandi waliohamia Marekani, tuone jinsi wajukuu wao wanavyowatafuta katika madaftari hayo.

KWA NINI WALIHAMA

Ayalandi ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Zamani wakulima wake wengi walikodi vishamba vidogo kwa mabwana wenye ardhi, na chakula chao kikubwa kilikuwa viazi. Mwaka wa 1845 ulitokea ugonjwa wa viazi, vikaoza ardhini. Njaa ikaendelea mpaka karibu mwaka wa 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakahama. Wengi walioshindwa kulipa kodi ya shamba walifukuzwa katika nyumba zao.

Hesabu ya watu inatuonyesha msiba huo kwa tarakimu. Mwaka wa 1841 Ayalandi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Mwaka wa 1851 walibaki kama milioni 6 na nusu. Hapo tunajua ni wangapi waliopungua, lakini majina yao bado hatuyajui. Tuyatafute ng'ambo ya bahari.

MADAFTARI YA MAREKANI

Serikali ya Marekani huhesabu watu kila baada ya miaka kumi, tangu mwaka wa 1790. Hapo kwanza karani aliandika jina la mkuu wa nyumba tu, na wengine aliwahesabu bila majina. Mwaka wa 1850 ndipo ilipoamriwa kwamba kila mtu huru aandikwe kwa jina lake, pamoja na umri wake na mahali alipozaliwa. Watumwa hawakuandikwa kwa majina. Watu weusi wote wa nchi ile waliandikwa kwa majina mara ya kwanza mwaka wa 1870, baada ya utumwa kukomeshwa.

Sasa, tuseme mtu aitwaye Sullivan anataka kuujua ukoo wake. Jina hili ni la kawaida sana kwa Waayalandi, nasi tunalitumia kwa mfano tu. Aanze wapi? Asianze na babu wa zamani asiyemjua. Aanze na mtu anayemjua, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua. Huko Marekani madaftari hufungwa kwa miaka 72, ili siri za watu walio hai zisitangazwe. Kwa hiyo daftari la mwaka wa 1950 lilifunguliwa mwaka wa 2022. Akimwona babu yake humo, arudi nyuma miaka kumi kumi.

Akifika mwaka wa 1900 atapata mengi. Karani wa mwaka ule aliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na mhamiaji aliulizwa aliingia Marekani mwaka gani. Mwanamke aliulizwa swali zito: umezaa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi? Mjukuu akiona tarakimu 9, na kando yake 5, atajua kwamba bibi yake alizika watoto wanne. Huenda watoto hao hawakutajwa tena nyumbani hata siku moja. Daftari limewataja.

Tukirudi nyuma tena tunakuta pengo. Madaftari ya mwaka wa 1890 karibu yote yaliharibika kwa sababu ya moto uliotokea Washington mwaka wa 1921. Inatupasa kuruka mpaka mwaka wa 1880. Mwaka huo karani aliandika kila mtu ni nani kwa mkuu wa nyumba: mke, mwana, mkwe, mpangaji au mtumishi. Aliandika pia wazazi wa kila mtu walizaliwa nchi gani. Wasichana wengi wa Kiayalandi tunawakuta katika safu ya watumishi, ndani ya nyumba za matajiri wa Boston na New York.

JIHADHARINI NA MAKOSA

Daftari halisemi uongo kwa makusudi, lakini aliyeliandika ni mtu. Karani aliandika alivyosikia. Mtu mmoja huonekana Sullivan katika daftari moja, na O'Sullivan katika daftari jingine. Kelly huongezwa herufi akawa Kelley. Mwenye jina angeweza kusahihisha, lakini kama hajui kusoma, angejuaje kwamba jina lake limekosewa? Daftari la mwaka wa 1850 lina safu ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, na wahamiaji wengi wametiwa alama hapo. Wanafunzi wangu, liangalieni sana jambo hili. Mtu asiyejua kuandika jina lake huandikiwa na mwenzake, na kosa la mwenzake hudumu kuliko yeye mwenyewe.

Umri pia huyumba. Huko Ayalandi, watu wengi katika hesabu ya mwaka wa 1911 wameongezeka zaidi ya miaka kumi tangu hesabu ya mwaka wa 1901. Iliwezekanaje? Mwaka wa 1908 ilitungwa sheria ya kuwapa wazee maskini wa miaka 70 malipo ya uzeeni, hata shilingi tano kwa juma. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, nao walipenda kuufikia umri huo upesi. Kwa sababu hiyo msiamini daftari moja peke yake. Linganisheni mawili au matatu.

HABARI ZA ANNIE MOORE

Sikilizeni sasa habari ya kweli. Tarehe 1 Januari 1892 serikali ya Marekani ilifungua kituo kipya cha wahamiaji katika kisiwa cha Ellis, New York. Mtu wa kwanza kuandikwa hapo alikuwa msichana wa Kiayalandi kutoka Cork, jina lake Annie Moore. Alikuja na ndugu zake wawili wadogo kuwafuata wazazi wao, akapewa sarafu ya dhahabu ya dola kumi.

Baadaye akapotea katika habari. Watu wakasadiki kwamba alikwenda Texas akafa huko mwaka wa 1923, akigongwa na gari la reli ya mjini. Jamaa za mwanamke yule wa Texas walialikwa hata katika sherehe. Kisha mtafiti wa koo, bibi Megan Smolenyak, akayafungua madaftari. Aliona kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois, ndani ya Marekani. Basi angewezaje kuwa mhamiaji? Mwaka wa 2006 akaomba msaada wa watu kwa njia ya intaneti. Ofisa wa kumbukumbu wa mji wa New York akakiona cheti cha uraia cha Philip, mmoja wa wale ndugu wadogo. Naye Philip akaonekana katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1930, pamoja na binti yake. Kwa kumfuata binti huyo wakafika kwa jamaa walio hai.

Ikajulikana kwamba Annie wa kweli hakuondoka New York. Aliolewa, akazaa watoto wasiopungua kumi, na watano tu wakakua kuwa watu wazima. Alikufa mwaka wa 1924, na kaburi lake halikuwekwa jiwe lenye jina lake mpaka mwaka wa 2008. Heshima yake ilikuwa imepewa mtu mwingine, ikarudishwa kwa karatasi.

KUIVUKA BAHARI

Huko Ayalandi kwenyewe kazi ni ngumu zaidi. Mwezi wa Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu ya Dublin iliungua, na hesabu nyingi za miaka ya 1821 mpaka 1851 zikateketea. Zile za mwaka wa 1861 mpaka 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe. Za mwaka wa 1901 na 1911 zimesalimika, na kila mtu aweza kuzisoma bila malipo. Mkuu wa nyumba asiyejua kuandika aliandikiwa na askari, naye akatia alama ya msalaba mahali pa jina.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na ukoo ni mali.

KAZI YA NYUMBANI

1. Kwa nini daftari la mwaka wa 1900 linajua watoto ambao daftari jingine halikuwaandika?
2. Taja sababu mbili za umri au jina kukosewa.
3. Chora jedwali lenye safu nne: jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi. Lijaze kwa watu wa nyumba yako, kwa mkono wako mwenyewe. Waulize wazee mambo usiyoyajua, nao wangali hai.

Kwaherini mpaka somo lijalo.