Wakubwa wetu na kura yao ya 2006

Vijana wenzetu, tangu Joseph Kabila alipotokea Goma mwezi wa tano 2025, simu zetu hapa Nateete zimejaa video zake. Kwenye saluni, kwenye stage ya boda, hata jioni baada ya mazoezi, mtu anakuonyesha: sikia huyu mzee anavyoongea vizuri. Lakini kuna jambo tumeliona. Anayemsifu ni mtu wa miaka 19 au 20. Kaka yake mkubwa, anayekaribia miaka 40, ananyamaza tu, au anaondoka. Huyo mkubwa ndiye aliyempigia kura. Tumeandika makala hii juu ya ule ukimya.

Tuseme mapema: sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatukataza kufanya siasa ndani ya nchi hii. Hapa hatupigii mtu debe. Hii ni historia ya kwetu, na kwa wale wanaofanya kazi na sisi kwenye mashirika, labda itawasaidia kuelewa kwa nini watu wazima wengi wakisikia neno uchaguzi wanacheka.

Kabila alichukua kiti Januari 2001, baba yake Laurent-Désiré alipouawa. Alikuwa na miaka 29. Nchi ilikuwa imekatwa vipande vipande. Goma na Bukavu zilikuwa chini ya RCD, iliyosaidiwa na Rwanda. Upande wa Equateur alikuwa Jean-Pierre Bemba na MLC yake, aliyesaidiwa na Uganda. Mazungumzo ya Afrika Kusini yakaleta serikali ya mpito mwaka 2003, rais mmoja na makamu wanne, na mambo yalionekana kutulia. Halafu Juni 2004 Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi wakaivamia Bukavu. Kwa hiyo kijana wa Kivu aliyefikisha miaka 18 mwaka 2006 alikuwa ameona vita tangu akiwa na miaka 8. Tukiwauliza wakubwa wetu walichagua nini mwaka ule, hawataji chama. Wanasema: tulichagua vita viishe.

Na lugha pia ilikuwa na nguvu. Bemba alikuwa mtu wa Lingala, Kabila aliongea Kiswahili chetu. Kule Kinshasa wapinzani walisema yeye si Mkongomani wa kweli. Tunajua kwenye grupu hii tuko watu wa makabila mengi, na wengine wetu tumeambiwa maneno hayohayo maisha yetu yote, basi tusitukanane kwenye komenti. Tunachosema ni kwamba Mashariki maneno hayo hayakumpunguzia kura. Duru ya kwanza, tarehe 30 Julai 2006, alipata asilimia 44.81. Duru ya pili, tarehe 29 Oktoba, alipata 58.05, Bemba 41.95. Lakini katika Kivu zote mbili alipita asilimia 90. Asilimia 90! Hakuna aliyelazimishwa, ndivyo wanavyotuambia. Watu walipanga mstari kabla jua halijatoka, na ile kadi ya kura waliitunza, sababu ndiyo kitambulisho pekee walichokuwa nacho.

Aliahidi kazi kubwa tano, zile zilizoitwa shantie tano: barabara na majengo, ajira, shule, maji na umeme, na afya. Kuna barabara zilitengenezwa, tusikatae. Lakini Mashariki hawakumhesabia barabara. Walimhesabia amani, na amani ilichelewa, halafu ikaacha kabisa kuja.

Mwisho wa Oktoba 2008 Nkunda na CNDP yake walifika karibu kuingia Goma. Askari wa serikali walikimbia, na kabla ya kukimbia wengine waliiba na kuua raia mjini. Wiki iliyofuata, tarehe 4 na 5 Novemba, kule Kiwanja katika eneo la Rutshuru, watu wapatao 150 waliuawa, wakati kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikuwa na kambi karibu hapo. Wengi waliovuka mpaka Bunagana mwaka ule, wakapitia Nyakabande, walikuwa na kadi ya 2006 mfukoni. Waliionyesha kwa askari wa Uganda ili kuthibitisha wao ni nani.

Kwa maoni yetu, mwaka uliofuata ndio uliovunja kitu. Januari 2009 Kabila alikubaliana na Rwanda, na majeshi ya Rwanda yakaingia Kivu kufuata FDLR. Bunge halikuambiwa. Spika wa Bunge alikuwa Vital Kamerhe, mtu wa Bukavu, na ndiye aliyezunguka Mashariki mwaka 2006 kumwombea Kabila kura. Kamerhe alisema kwenye redio kwamba hakujulishwa. Mwezi wa tatu akalazimika kujiuzulu. Fikiri wewe ni kijana wa Bukavu: yule aliyekuja mtaani kwenu kukuambia umwamini huyu mtu, sasa yeye mwenyewe amefukuzwa kwa kuuliza swali ambalo na wewe uko nalo. Mwaka huohuo Bosco Ntaganda, aliyekuwa anatafutwa na mahakama ya The Hague, alitembea Goma na cheo cha jenerali. Serikali ilisema amani kwanza, haki itafuata. Mwaka 2012 Ntaganda na wenzake waliasi, ikazaliwa M23, na tarehe 20 Novemba Goma ikaanguka. Amani haikuja, na haki haikuja.

Katikati kulikuwa na uchaguzi wa 2011. Januari ya mwaka ule Katiba ilibadilishwa, duru ya pili ikaondolewa. Mwezi wa kumi na mbili Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 48.95. Kwa sheria ya zamani angerudi kwenye duru ya pili na Étienne Tshisekedi. Waangalizi wa Carter Center walisema matokeo yale hayaaminiki. Katika Kivu ile asilimia 90 haikuonekana tena.

Sasa vijana walifanya nini? Hapa ndipo tunapenda kukaa. Mwaka 2012 kule Goma walianza LUCHA. Hawakuanza na kumtukana rais. Walianza na maji. Goma iko juu ya ziwa, na mama zao walibeba madumu kutoka ziwani kila siku, kama vile shantie ya maji haikuahidiwa kamwe. Walikaa chini barabarani, walifagia mji, walikamatwa, walirudi. Januari 2015 serikali ilipotaka sheria ya kuhesabu watu kwanza ndipo uchaguzi ufanyike, yaani kusogeza muda, vijana waliingia barabarani Kinshasa, Goma na Bukavu. Makumi ya watu waliuawa, lakini kile kipengele kiliondolewa. Februari 2016, siku chache baada ya Leopards kushinda CHAN kule Kigali, vijana sita wa LUCHA walikamatwa Goma wakiandaa bango: tumeshinda kombe, tushinde na demokrasia. Wakafungwa kwa bango.

Muda wa Kabila uliisha Desemba 2016 na hakutoka. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018, na siku nne kabla tume ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura, sababu ya Ebola na usalama. Watu wa Beni walipanga mstari hata hivyo. Walitengeneza karatasi zao, masanduku yao, wakanawa mikono sababu ya Ebola, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa. Mgombea wa Kabila alikuwa Emmanuel Shadary, mtu wa Maniema, anayeongea Kiswahili kama sisi. Kwa hesabu ya tume yenyewe alikuwa wa tatu, asilimia 23.84. Mara hii Kiswahili hakikutosha.

Wadogo zetu wanaotuma video hawana kosa. Mwaka 2006 walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa mgongoni. Mwaka 2025 Kabila alirudi katika Goma iliyoshikwa na AFC/M23, akaongea juu ya amani, na kweli anaongea vizuri. Tarehe 30 Septemba 2025 mahakama ya kijeshi Kinshasa ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo, kwa uhaini na kushirikiana na waasi. Tulidhani wakubwa wetu watafurahi, au watakasirika. Hawakufanya lolote kati ya hayo. Mmoja aliuliza tu kama hukumu hiyo inataja Kiwanja, au maji ya Goma, au kura ya Beni. Haitaji.