Historia Fupi ya Fedha za Matibabu, na Wajibu wa Wanachama

Kwa wazee wetu waheshimiwa na wanachama wote.

Kamati imeniagiza niandike, kama ilivyo desturi ya kitabu hiki, habari ya mambo yaliyopita yenye faida kwa wakati wa sasa. Nimechagua habari ya afya, maana hakuna jambo linalomaliza akiba ya Chama kama ugonjwa uliochelewa kutibiwa, na mazishi yanayoufuata.

Mwaka 1891 wamisheni wa Kiskoti, wakiongozwa na Daktari James Stewart, walijenga kituo Kibwezi, si mbali na hapa Kambu. Walikuwa na daktari na dawa zao. Hata hivyo homa iliwaua baadhi yao, na mwaka 1898 kituo kikahamishiwa nchi ya Wakikuyu. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 1897, Ronald Ross alikuwa amegundua huko India kwamba malaria huchukuliwa na mbu. Watu wale walijua kumuuguza aliyekwisha kuugua; kumkinga asiugue hawakujua.

Nusu karne baadaye kazi ilianzwa upande wa pili. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, vichaka vya Makueni vilivyokuwa makao ya mbung'o vilifyekwa kwanza, ndipo jamaa wakapewa mashamba. Wazee wetu wajua kwamba bila kufyeka, ng'ombe wasingaliishi.

Baada ya Uhuru, Serikali iliondoa malipo ya hospitali mwaka 1965. Mwaka uliofuata ukaundwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, ambao wengi waliuita NHIF. Jina lake lilieleza kazi yake: ulikuwa mfuko wa hospitali, nao kwa miaka mingi ulimlipia mwanachama aliyelazwa kitandani. Aliyekwenda kupimwa akiwa bado anatembea hakulipiwa na mfuko huo. Mwezi Desemba 1989 malipo yalirudishwa katika hospitali za Serikali, na mwenye fedha kidogo akazoea kungoja mpaka maumivu yamshinde. Ni mwaka 2015 tu ndipo mfuko ulipopanua huduma zake kwa wagonjwa wasiolazwa. Basi kwa takriban miaka hamsini bima yenyewe ilitufundisha kuchelewa, na fundisho la muda mrefu namna hiyo halitoki upesi katika nia za watu.

Kaunti yetu ilijaribu njia yake. Mwaka 2016, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, ulianza mpango wa MakueniCare, ambao kila nyumba ilitoa shilingi 500 kwa mwaka, ikatibiwa katika hospitali za Kaunti bila kudaiwa zaidi. Wengi waliokuwa wakikaa na maradhi nyumbani walipata mlango wa kuingilia.

Mwezi Septemba 2023 Serikali ilituma vijijini, nchini kote, wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye vyombo vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Kisha tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Kwa mpango huo, aliyejiandikisha hutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya. Kwa matibabu ya hospitali kuna ada isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, naye asiye na mshahara hutakiwa kutanguliza ya mwaka mzima.

Kwa hiyo mlango wa kwanza sasa u wazi. Lakini kujiandikisha si kupona. Mtoto hupewa chanjo anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, tena miezi 9 na miezi 18. Akikosa tarehe, kinga yake hupungua. Dawa ya kifua kikuu humezwa kwa miezi 6. Anayeiacha mwezi wa pili kwa kuwa amepata nguvu huweza kurudiwa na ugonjwa mkali zaidi, tena akaambukiza watu wa nyumbani mwake. Shinikizo la damu halina kilio. Mtu hulima na kucheka, siku moja kiharusi kikamwangusha. Katika mambo haya yote, kinachookoa ni kurudi siku iliyoandikwa kwenye kadi.

Ndugu wanachama, sisi hukusanya fedha kwa siku mbili kumleta marehemu nyumbani kutoka Nairobi au Mombasa. Hiyo ni heshima njema. Lakini je, ni mara ngapi tumechangia nauli ya aliye hai, ili asikose siku yake ya kliniki?

Kamati inaleta mashauri mawili mbele ya mkutano. La kwanza, kila kijiji kimchague mtu mwaminifu wa kutunza daftari la tarehe za kurudi, akishirikiana na mhamasishaji wa afya. Ndani yake aandike jina na tarehe tu, wala si ugonjwa, maana siri ya mgonjwa ni mali yake. La pili, ada ya SHA ikusanywe pamoja mara tu baada ya kuuza ndengu, kabla fedha hazijatawanyika.

Mababu zetu walikuwa na mwethya: jirani hakungoja shamba la mwenzake lishikwe na magugu ndipo aende. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nawaomba wazee wayapime mashauri haya na kutoa neno lao.

Ni mimi,
Karani wa Chama