Kabla ya Kuchimba Msingi: Historia Iliyolala Katika Ardhi Yetu ya Msambweni



Katika kijitabu hiki cha kila mwaka ni desturi kuonyesha hesabu ya chama: fedha zilizoingia na zilizotoka, waliofiwa wakasaidiwa, na watoto waliolipiwa ada ya shule. Katika kurasa hizi chache twaomba ruhusa tuhesabu mali nyingine, isiyoandikwa katika daftari la mweka hazina, nayo ni ile iliyomo katika udongo tunaoukanyaga kila siku.

Sababu ya kuitaja sasa ni kwamba haja ya nyumba imezidi. Vijana waoa, jamaa zaongezeka, na mashamba ya minazi na mikorosho tuliyoachiwa na babu zetu yakatwa viwanja mwaka hata mwaka. Hapana mtu mwenye akili awezaye kuwaambia vijana wasijenge. Lakini msingi wa nyumba, shimo la choo na kisima ni vitu viendavyo chini, na huko chini hakuko tupu.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mambo ya kale ni magofu ya mawe. Mtu akiulizwa historia ya pwani iko wapi, ataelekeza kidole Gede, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, au Ngome ya Yesu kule Mombasa, au, kwa upande wetu wa kusini, Msikiti wa Kongo ulioko Diani kwenye mlango wa mto Mwachema. Majengo hayo yaonekana, kwa hiyo yakatunzwa. Lakini walio wengi katika wazee wetu hawakukaa katika nyumba za mawe. Walijenga kwa boriti, fito, udongo na makuti, na nyumba kama hiyo ikianguka, makuti huoza, miti huliwa na mchwa, na mvua ya masika husawazisha kuta. Baada ya muda, apitaye juu haoni ila nyasi.

Pamoja na hayo, nyumba ya udongo haipotei yote. Tundu la nguzo hujaa udongo wa rangi nyingine, likabaki kama duara jeusi katika ardhi. Udongo wa kukandika ukiunguzwa na moto hukauka kama tofali, nao hushika alama za fito zilizokuwa ndani yake. Jiko huacha majivu na mkaa. Jaa huacha vigae, mifupa ya samaki, magamba ya chaza na pengine ushanga mmoja uliokatika shingoni mwa mtoto. Hizo ndizo nyaraka za watu wasioandika, na anayezichimbua kwa jembe bila kuzitazama ni sawa na mtu achomaye barua asizozisoma.

Tusidhani kwamba maneno haya ni ya miji ya mbali. Mwaka 1966 mtaalamu Robert Soper alichunguza vigae vilivyopatikana hapa Kwale, na mwaka uliofuata akatangaza habari zake. Vilikuwa vya vyungu vya watu waliokaa vilima vya Kwale yapata karne ya 3 ya Miladi, watu waliojua kufua chuma. Ndugu za vyungu hivyo vimeonekana Usambara na Upare, na hata Msumbiji na mashariki ya Afrika ya Kusini. Leo wasomi wa dunia nzima huviita kwa jina la Kwale. Katika vitabu vya historia ya Afrika jina la kaunti yetu limeingia kwa sababu ya vigae, vitu ambavyo mwenye kufagia uwanja huvitupa jaani.

Tukishuka pwani twafika Galu, kusini ya Diani, ambako Chapurukha Kusimba alikuta mavi ya chuma na mabaki mengine ya kazi ya wahunzi wa kale. Tukienda hata karibu na mpaka wa Tanzania twafika Vumba Kuu, kiti cha Madiwani ambao habari zao A. C. Hollis alikwisha kuziandika mwaka 1900 kwa kuwasikiliza wazee. Katika karne hii Stephanie Wynne-Jones alichimba hapo, na ilionekana kwamba mji huo wenye sifa kubwa ulikuwa na majengo machache ya mawe, na watu wake wengi walikaa nyumba za udongo kama za babu zetu. Heshima ya Vumba, basi, haikupimwa kwa wingi wa mawe.

Twaongeza mifano miwili ya kaskazini yetu, kwa kuwa inafundisha. Wa kwanza ni wa Mombasa. Hamo Sassoon alichimba katika kiwanja cha Hospitali Kuu ya Pwani, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1980. Pale ambapo wagonjwa na wauguzi walipita kila siku bila kuwaza lolote, palionekana mabaki ya mji uliokuwapo yapata miaka elfu iliyopita, karne kadha wa kadha kabla Vasco da Gama hajafika mwaka 1498. Mfano wa pili ni wa Shanga, katika kisiwa cha Pate. Huko, katika miaka ya 1980, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, hata akafika kwenye misikiti midogo ya miti, ambayo ya kwanza yake ni ya karne ya 8. Kabla ya hapo vitabu vingi vilisema kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni waliokuja na ustaarabu wao tayari. Udongo wa Shanga ulionyesha wenyeji wakikaa, wakifinyanga vyungu vyao na kuujenga mji wao hatua kwa hatua, toka miti hata mawe.

Sasa yafaa tueleze handaki la majaribio ni kitu gani, maana jina lake laweza kutisha. Kwanza wataalamu huitembea ardhi kwa miguu, wakitazama vigae vilivyotolewa juu na jembe au na panya. Huwauliza wazee: makaburi yako wapi, kisima cha kale ki wapi, mahali gani watoto walikatazwa kucheza. Kisha hupima mahandaki membamba au vishimo vya mita moja kwa moja, hapa na pale, katika sehemu ndogo tu ya ardhi. Huchimba kidogo kidogo kwa mwiko kama wa mwashi, tabaka baada ya tabaka, na udongo wote huchekechwa ili kisipotee hata kipande cha shanga. Kila kitu hutiwa mfukoni na kuandikwa kimetoka tabaka gani. Kuta za shimo huchorwa na kupigwa picha, kisha shimo hufukiwa. Mkaa hupelekwa kupimwa umri kwa njia aliyoibuni Willard Libby wa Marekani mwaka 1949, kwa kuwa katika kila kitu kilichokuwa na uhai imo kaboni ya aina moja ambayo, baada ya kitu hicho kufa, hupungua kwa nusu kila miaka 5,730.

Tabaka ndilo jambo kubwa. Kigae kilichookotwa juu ya ardhi ni kama mtoto aliyepotea sokoni, hajulikani ametoka nyumba gani. Kigae kilichokutwa mahali pake, chini ya jiko na juu ya sakafu, chaweza kueleza kilikuja lini na kilikaa na nani. Ndiyo maana yafaa kuchimba kabla ya msingi. Trekta likishachanganya matabaka, hata wataalamu mia hawawezi kuyapanga tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Twajua kwamba wako wazee watakaosikia maneno haya kwa mashaka, na mashaka yao yana haki. Watu wa pwani wameonja uchungu wa ardhi. Wako waliozaliwa mahali, wakapanda minazi mahali, kisha wakaambiwa kwamba hati ni ya mtu mwingine. Basi mzee huuliza: nikimwita mtu wa serikali aje kuchimba shambani mwangu, akiona kitu, je, shamba litabaki langu?

Jibu la haki ni hili. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yakataza mtu kuchimba mambo ya kale bila leseni, nayo yataka agunduaye kitu cha kale atoe habari ndani ya siku saba. Sheria hiyo humpa Waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa pa kuhifadhiwa, lakini lazima tangazo litolewe, na mwenye haki katika ardhi aweza kupinga. Katika mahandaki mengi ya majaribio hupatikana vigae vichache, huandikwa, na ujenzi huendelea. Pakionekana jambo kubwa, mara nyingi yatosha kuisogeza nyumba hatua chache. Kinachomdhuru mwenye shamba ni kuyajua hayo baada ya kununua saruji na kuwalipa mafundi.

Wako na wengine, vijana hasa, ambao huenda wakafurahi kupita kiasi, wakidhani kwamba kigae kitawashindia kesi ya ardhi. Hao nao yatupasa kuwaonya. Kigae hakina kabila, wala hakina hati. Chaweza kuonyesha kwamba watu walikaa hapa miaka elfu moja iliyopita, lakini hakiwezi kutaja majina yao wala kumfukuza jirani. Atakayetumia mambo ya kale kuwagawa watu wa Msambweni, Mdigo na Mshirazi, aliyetangulia na aliyefuata, atakuwa ameyatia sumu maji ya kisima chetu sote.

Liko tena jambo ambalo kulitaja ni kuzito. Hapa Msambweni husimuliwa habari za kuta za kale karibu na bahari, kwamba ndani yake walifungiwa watumwa wakingoja kusafirishwa. Biashara ya kuwasafirisha kwa bahari ilikatazwa kwa mkataba wa Sultani Barghash mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulikomeshwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Waliopita katika kuta hizo hawakuacha barua, na wengi hawakuacha hata jina. Ikiwa ardhi iliyo karibu na hapo itachimbwa misingi bila uangalifu, huenda shahidi wa mwisho wa mateso yao akanyamazishwa, tena na sisi wenyewe.

Kwa hiyo twaleta mbele ya wanachama mashauri manne. La kwanza, kila ardhi kubwa ya pamoja au ya jamaa ichunguzwe mara moja kabla haijakatwa viwanja. Gharama ya kumwita mtaalamu kwa kila nyumba ya vyumba viwili haimudiki, lakini kwa ardhi nzima yaweza kugawanywa. Tena, mahali pa kale pakijulikana mapema, hapo paweza kuachwa kiwanja cha mpira au njia, na asipoteze mtu chochote. La pili, chama kiwaandikie wakuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walioko Ngome ya Yesu, kiwaombe waje pamoja na wanafunzi. La tatu, makaburi yaheshimiwe. Mfupa wa mtu ukionekana, kazi isimame, pafunikwe, na waitwe wazee na imamu kabla ya lolote kuendelea. La nne, vijana wetu wawili au watatu wafundishwe kushika mwiko na chekeche na kuandika daftari, ili siku moja wasomaji wa udongo wa Msambweni wawe wana wa Msambweni.

Tumeandika haya kwa sababu wazee waliojua kila mti na kila kisima wanatutoka mmoja mmoja, na udongo nao unachimbuliwa. Twaomba mkutano ujao uyazungumze mashauri haya kabla ya mvua za masika, wakati ambapo mafundi huwa hawajaanza kupima kamba. Mwenyezi Mungu atujalie kujenga kwa amani.