Sahani za Uchina Katika Kuta za Pwani

Nyumba ya pembe nne yenye baraza mbele si kitu kigeni katika Kasongo na Kabambare. Ujenzi wa namna hiyo ulienezwa katika Maniema na wangwana wa misafara, katika karne ya 19. Wangwana nao walijifunza kwa watu wa pwani. Na watu wa pwani, tangu zamani, walikuwa na ufundi mmoja wa ajabu: walipamba majengo yao kwa vyombo vya Uchina.

Kauri ya Uchina hufanywa kwa udongo mweupe. Huchomwa kwa moto mkali sana, kadiri ya digrii 1300, hata ikawa ngumu na yenye kung'aa kama kioo. Vyombo vya Uchina vilianza kufika pwani yetu yapata karne ya 9. Ni kweli kwamba merikebu za jemadari Zheng He zilifika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 15. Lakini vyombo vingi vililetwa na wafanya biashara wa Bara Hindi, Uajemi na Arabuni, wakipokezana bandari kwa bandari.

Je, vilikuwa vya kulia chakula tu? Sivyo. Fundi wa pwani alichoma matumbawe akapata chokaa. Alipopiga lipu, alikandamiza bakuli ndani yake ingali mbichi, uso wa bakuli ukitazama nje. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na Mambrui, kaskazini ya Malindi, makaburi yenye nguzo ndefu yalipambwa hivyo. Katika Kilwa Kisiwani mabakuli yalitiwa katika dari ya msikiti mdogo wenye kuba. Tena katika nyumba za matajiri wa Lamu, katika karne ya 18, kuta za ndani zilijaa zidaka, yaani vishubaka vya lipu, ambamo sahani zilipangwa. Basi, chombo alichokifanya Mchina kwa ajili ya chakula, mwenyeji wa pwani alikigeuza kuwa heshima ya marehemu na uzuri wa nyumba ya sala.

Kwetu barani hakuna matumbawe. Kuta za Kasongo zilikuwa za udongo. Hata hivyo, desturi ya kupamba nyumba kwa vitu vya ng'ambo ilifuata njia ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika, Kabambare, hata Kasongo kwa Tippu Tip na mwanawe Sefu. Askari wa Dhanis walipoiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, daktari Hinde aliyekuwa pamoja nao alikuta humo vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri na bilauri za fedha.

Lakini tusisahau bei yake. Vitu hivyo vililipwa kwa pembe za ndovu, na pembe hizo zilichukuliwa mabegani mwa watu, wengi wao watumwa waliotekwa katika vijiji vya Maniema. Hariri ilipofika Kasongo, kulikuwa na mama kijijini aliyekuwa akimlilia mwanawe.

Leo, katika makaburi mengi ya pwani, mabakuli yamekwisha kung'olewa na wezi. Yamebaki mashimo ya mviringo tu. Kwetu yako magofu ya Kasongo ya zamani, mahali paitwapo Tongoni. Tusiyachimbe ovyo. Tuwaulize wazee habari zake, za uzuri na za machozi pia, nao watoto wetu wazisikie zote mbili.