Kupima Ziwa kwa Vipande

Katika Kiswahili, "pima" ni kitenzi, tena ni jina la kipimo: urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mvuvi wa Rumonge akiteremsha kamba yenye jiwe, kisha akaivuta na kuihesabu, hupata kina cha mahali pamoja tu. Je, ziwa zima lina maji kiasi gani? Insha hii inaonyesha kwamba swali hilo ni la integrali yenye mipaka, na kwamba historia ya Tanganyika inatusaidia kuielewa.

Mwaka 1854, huko Göttingen, Bernhard Riemann aliieleza integrali kwa njia tunayofundishwa hadi leo. Gawanya umbo katika vipande, chagua urefu mmoja katika kila kipande, uzidishe kwa upana, kisha jumlisha. Ikiwa jumla hizo zinakaribia namba moja kadiri vipande vinavyozidi kuwa vyembamba, namba hiyo ndiyo integrali. Miaka minne baadaye, mwaka 1858, Burton na Speke walifika ziwani kwetu. Livingstone naye alijaribu kupima kina karibu na Kabogo, lakini kamba ikakatika ikivutwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtumbwi unavuka kilomita 40 kutoka Rumonge, ukipima kina kila kilomita 10: mita 0, 300, 400, 200, 0. Tukitumia kina kidogo cha kila kipande, eneo la mkato wa maji ni kilomita za mraba 5. Tukitumia kikubwa, ni 13. Tukipima kila kilomita 5 na kupata 0, 150, 300, 360, 400, 300, 200, 100, 0, majibu yanakuwa 7.05 na 11.05. Pengo limeshuka kutoka 8 hadi 4. Jibu la kweli limebanwa katikati.

Kazi kama hiyo ilifanyika kweli. Msafara wa Wabelgiji wa 1946–1947 ulipima vina vingi, na mwaka 1949 André Capart akatoa ramani ya sakafu ya ziwa, yenye kina kikubwa cha mita 1,470. Leo eneo la ziwa hukadiriwa kuwa kilomita za mraba 32,900, na maji yake kilomita za ujazo 18,900. Gawanya, utapata kina cha wastani cha mita 574 hivi. Kijiometri, ni sanduku lenye kuta wima linalobeba maji yaleyale.

Jambo hili si la darasani tu. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, maji yaliingia katika makazi ya watu kwenye pwani ya Burundi. Tukilikata ziwa kwa tabaka za kulala, tabaka la juu la mita 1 lina karibu kilomita za ujazo 33. Maji hayo hayaondoki upesi, kwani mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, Lukuga, na sehemu kubwa hupotea kwa mvuke. Katika miaka ya 1870 ziwa lilikuwa juu kuliko leo, mpaka Lukuga ulipofungua njia yake na maji yakashuka kwa mita kadhaa.

Kwa hiyo anayepanga kujenga ufukweni asiutazame mstari wa maji wa mwaka huu peke yake. Apime miaka mingi, kipande kwa kipande, kabla ya kuweka msingi.