Majina ya Njia na Namba za Nyumba katika Mji wa Dar es Salaam

Neno mtaa katika Kiswahili cha zamani halikuwa jina la njia. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903, na ile ya Johnson iliyoifuata mwaka 1939, hulieleza kuwa ni sehemu ya mji, yaani mahali penye nyumba pamoja na watu wakaao ndani yake. Mtu alipoulizwa akaapo alitaja mtaa kwanza, kisha akataja alama: penye msikiti fulani, nyuma ya nyumba ya bwana fulani, chini ya mwembe. Njia zilizopita baina ya nyumba hazikuhitaji majina, maana njia si mahali pa kukaa, ni mahali pa kupita. Katika mji wa Unguja desturi hiyo ingali inaonekana wazi. Kisimamajongoo, Kajificheni, Mkunazini, Sokomuhogo: haya ni majina ya mahali, na mengine yamebeba ndani yake sentensi nzima au amri, lakini hakuna hata moja lililozaliwa kuwa jina la mstari mnyoofu wenye mwanzo na mwisho.

Sayyid Majid bin Said alipoanza kujenga mji wake mpya kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, watu waliohamia huko walikuja na desturi hiyo hiyo. Mitaa ya zamani ya Dar es Salaam yaonyesha hivyo. Gerezani ni penye gereza. Mnazi Mmoja ni pale uliposimama mnazi. Mchafukoge ni maneno mawili yaliyoshikana, mchafu na akaoge, na aliyeyatamka mara ya kwanza bila shaka alikuwa akimcheka mtu. Kwa jicho la sarufi, jambo la kuangaliwa ni kiambishi -ni. Mgeni aambiwapo kwamba fulani yuko Gerezani, hupewa eneo la kuzunguka akiuliza, wala hapewi mstari wa kufuata. Kuuliza kwenyewe kulikuwa sehemu ya anwani, na asiye na mtu wa kumwuliza alikuwa hana shughuli katika mtaa ule.

Wadachi walihamisha makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam mwaka 1891, nao wakaja na fikira nyingine. Kwao njia ndiyo iliyopewa jina, na nyumba ikahesabiwa kwa kufuata njia. Njia yao kubwa ya katikati ya mji waliiita Unter den Akazien, yaani chini ya mikakasia. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 hawakuitafutia njia hiyo jina jipya, bali walifasiri tu, ikawa Acacia Avenue. Katika historia ya majina ya miji, tafsiri kama hii ni nadra. Aghalabu mshindi hufuta jina la mshindwa. Hapa miti iliachwa, ikabadilishwa lugha.

Namba za nyumba zina asili isiyopendeza sana, wala si katika Afrika peke yake. Huko Vienna mwaka 1770 nyumba zilitiwa namba ili serikali ipate kuwahesabu watu kwa ajili ya jeshi. Huko Paris, kwa amri ya mwaka 1805, ndipo namba zilipopangwa shufwa upande mmoja wa njia na witiri upande wa pili, kwa kufuata mkondo wa mto Seine. Hivyo namba ilianza kuwa jicho la serikali kabla ya kuwa msaada kwa mpeleka barua. Katika Afrika ya Mashariki ya Kidachi kodi ya nyumba iliamriwa mwaka 1897, na Waingereza wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Nyumba inayotozwa kodi haina budi kuhesabiwa. Barua, kwa upande mwingine, hazikuhitaji namba ya nyumba hata kidogo, kwa sababu hazikupelekwa mlangoni kwa mwenyeji wa kawaida. Zilingoja katika Sanduku la Posta, au kwa mwajiri, au shuleni, au msikitini. Herufi S.L.P., ambazo kila mtoto wa shule wa Tanzania amefundishwa kuziandika juu ya barua, ndizo zilizoiwezesha nchi nzima kuandikiana kwa muda wa karne pasipo kujua nyumba ya mtu iko wapi. Mwenye nyumba wa mjini aliweza kuwa na namba ya kiwanja na herufi ya kitalu katika karatasi za ardhi, na namba ya sanduku katika barua zake, wala hakuna hata moja kati ya hizo iliyomwezesha mgeni kufika mlangoni pake.

Mahali pa kutazama kazi ya watoa majina ni Kariakoo. Jina lenyewe latokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918, ambao Waingereza waliwaweka katika kambi kwenye ardhi ambayo Wadachi walikuwa wamekwisha kuichagua iwe mji wa Waafrika. Nairobi nayo ina mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo. Baada ya vita viwanja vya Kariakoo vilipangwa kwa mistari iliyonyooka, njia zikakatana kama nyuzi za mkeka, na kila njia ikahitaji jina. Hapo watawala walijaza orodha kwa haraka. Yako majina ya makabila na mataifa: Nyamwezi, Sukuma, Somali, Swahili, Kongo. Yako majina ya mahali: Pemba, Mafia, Rufiji, Lindi. Yako Magila, Likoma na Kiungani, mahali patatu palipojulikana sana kwa kazi ya misheni ya Kianglikana iitwayo UMCA, na ni shida kuamini ya kuwa matatu hayo yalikutana katika mtaa mmoja kwa bahati tu.

Lakini yako pia majina mengine matatu ambayo mpita njia hayatambui. Mahiwa, Narung'ombe na Tandamti ni mahali katika nchi ya nyuma ya Lindi na Kilwa, na katika kila mmoja wa mahali hapo yalipiganwa mapigano makali mwaka 1917: Narung'ombe mwezi wa Julai, Tandamti mwezi wa Agosti, Mahiwa mwezi wa Oktoba. Askari wa pande zote mbili walikufa huko, na nyuma yao wapagazi, ambao maelfu kwa maelfu yao waliangamia katika vita vile kwa njaa, maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Kwa hiyo mtaa uliopata jina lake kwa wapagazi una njia zenye majina ya mahali walipobebea mizigo ya vita. Kama aliyeyatoa alikusudia kuwaheshimu wapagazi, au alikusudia kukumbuka ushindi wa jeshi lake, ubao wa njia hausemi. Ubao husema jina tu.

Na jina likiachwa peke yake huanza kutafuta maana nyingine. Katika habari za vita jina la kilima kile huandikwa Tandamuti. Kiswahili, kwa kanuni yake ya kuiangusha sauti ya u katika mu-, kimelifanya Tandamti, na sikio la msemaji husikia mti. Kwa kuwa njia za jirani huitwa Mkunguni na Mchikichi, ambayo kweli ni majina ya miti, Tandamti limekaa katikati yao kama ndugu yao. Mchuuzi wa sokoni anayelitaja mara mia kwa siku hana sababu ya kulitilia shaka. Narung'ombe nalo limeangukia katika masikio ya watu waliozoea ng'ombe. Hivyo ndivyo uwanja wa vita unavyogeuka kuwa kichaka na zizi, pasipo mtu yeyote kusema uongo.

Dar es Salaam ilipata baraza la manispaa mwaka 1949, na ikawa jiji mwezi wa Desemba 1961, wakati ule ule wa Uhuru. Mara kabla ya hapo, meya wa kwanza Mwafrika alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule yule aliyewafundisha washairi wa Kiswahili sheria za vina na mizani katika kitabu chake cha mwaka 1954. Mabadiliko ya majina yaliyofuata Uhuru yasomwe kwa uangalifu, kwa sababu mara nyingi husimuliwa kana kwamba yalikuwa kazi ya kufuta majina ya wageni tu. New Street, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, ikawa Mtaa wa Lumumba, kwa heshima ya Patrice Lumumba aliyeuawa Januari 1961; hapa kweli jina la Kiingereza lisilo na maana yoyote ila upya liliondoka. Acacia Avenue ikaitwa Independence Avenue. Na Kichwele Street, njia ndefu itokayo Mnazi Mmoja kupitia Kariakoo mpaka Ilala, ikaitwa Uhuru.

Mambo mawili yatokea hapa. La kwanza, jiji moja lilikuwa na njia mbili zenye maana moja: Independence kwa Kiingereza, katika sehemu ya mji iliyokuwa ya Wazungu na maduka makubwa, Uhuru kwa Kiswahili, katika sehemu iliyokuwa ya Waafrika. Mpaka ule wa zamani wa uzunguni na uswahilini, ambao uwanja wa Mnazi Mmoja ulikuwa umeachwa wazi ili kuutenga, uliondolewa katika sheria lakini ukabaki katika lugha ya vibao. Jambo hili lilisahihishwa baadaye, Independence Avenue ilipopewa jina la Samora Machel. La pili ni zito zaidi. Kichwele halikuwa jina la mfalme wala la gavana. Lilikuwa jina la wenyeji. Uhuru ulilifuta jina la Kiafrika, na hakuna aliyelalamika, maana nani angeweza kulalamika mbele ya neno lile? Leo aliyezaliwa Kariakoo baada ya mwaka 1961 akisoma katika kumbukumbu za wazee kwamba mkutano fulani ulikuwa Kichwele, hana budi kuuliza ni wapi.

Kuanzia mwaka 1972, katika mpango wa madaraka mikoani, halmashauri za miji ziliondolewa, na ziliporejeshwa mwaka 1978 miji ilikuwa imekua kupita mipaka ya ramani zake. Manzese, Tandale, Mwananyamala na Buguruni zilijengwa na watu wenyewe, na watu wenyewe ndio waliozipa alama: Mwembechai, Mkwajuni, Mapipa, Kijiweni, Komakoma. Majina hayo yalitunzwa na makonda wa daladala, ambao kwa kuyapiga kelele kila kituo walifanya kazi ya halmashauri bila mshahara wa halmashauri. Mabasi ya mwendo wa haraka yalipoanza mwaka 2016, Magomeni Mapipa na Mwembechai yaliandikwa kwa rangi juu ya vituo, kwa hati safi, kana kwamba yalitoka katika kikao.

Wakati huo neno mtaa lilikuwa limekwisha kupata mzigo wa tatu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji, namba 8 ya mwaka 1982, ilirudi katika maana ya kwanza, ile ya Madan na Johnson: mtaa ni sehemu ya mji, nao umekuwa ngazi ya chini kabisa ya utawala wa mjini, chini ya kata, wenye mwenyekiti wake. Serikali za mitaa ni serikali za mahali, si serikali za njia. Lakini Mtaa wa Lumumba na Mtaa wa Swahili ni njia. Basi mtu mmoja aweza kukaa katika mtaa wa utawala, kando ya mtaa wa lami, na kusema kuwa huko mtaani mambo ni magumu, akiwa na maana ya maisha ya watu wa kawaida popote walipo. Wasemaji hawachanganyikiwi, kwa sababu muktadha huwasaidia. Anayechanganyikiwa ni mjaza fomu.

Na fomu zilikuja. Tarehe 8 Februari 2022, huko Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi, ili kazi iishe kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti mwaka ule. Kila njia ilipaswa kuwa na jina, kila jengo namba, na kila kata msimbo wa posta wa tarakimu tano. Kazi ambayo Vienna na Paris zilikuwa zimeifanya zamani, Tanzania iliifanya nchi nzima kwa muda wa miezi. Halmashauri zilihitaji majina kwa maelfu katika muda mfupi, na haraka ni mshauri mbaya wa majina, kama Kariakoo yenyewe inavyoshuhudia. Hata hivyo faida haikatai: gari la wagonjwa na la zimamoto yana haki ya kujua nyumba ilipo. Jambo la kutazamwa na wanafunzi wa lugha ni kama wenyeji waliulizwa kila jina lilitoka wapi, na kama majibu yao yaliandikwa mahali. Kwa kuwa sababu ya jina isipoandikwa pamoja na jina, itaishia pale ilipoishia sababu ya Tandamti.

Kinywa cha mji kina kawaida yake katika kupokea na kukataa. Lumumba kilipokelewa hata kikazaa maana mpya: katika mazungumzo ya siasa, kusema kwamba uamuzi umetoka Lumumba ni kutaja ofisi ya chama iliyoko pale. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, amepewa njia iliyo na Makumbusho ya Taifa, na wengi hulitamka jina lake wakitafuta makumbusho tu. Mwaka 2013, Rais wa Marekani alipoitembelea nchi, Ocean Road ya pwani iliitwa Barack Obama Drive, na ubao ukabadilishwa. Lakini hospitali ya saratani iliyoko kando ya njia hiyo ingali inaitwa Ocean Road, na mgonjwa anayepelekwa huko kutoka Mbeya au Kigoma, na jamaa zake wanaomfuata wakiuliza njia kutoka kituo cha mabasi, hulitaja jina hilo la zamani.