Maneno Yaliyopanda na Kushuka Cheo: Majina ya Maofisa wa Jeshi

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hawakusema lolote juu ya jina la kuchekesha, ingawa jina la namna hiyo nalo hudumu. Katika makala haya tunakusudia kuyatazama majina ya maofisa wa jeshi, kwanza yale ya lakabu na kisha yale ya vyeo. Baadhi yake yatamchekesha msomaji. Lakini ndani ya kicheko hicho mna funzo kwa mwalimu, na mna hadhari kwa mfasiri.

Tuanze na lakabu. Wakati wa utawala wa Wajerumani, askari na raia hawakungoja ruhusa ya mtu ili kumpa ofisa jina. Emil von Zelewski aliitwa Nyundo. Tarehe 17 Agosti 1891 aliongoza kikosi chake mpaka Lugalo, na huko Wahehe wakamshambulia na kumwua pamoja na wengi wa askari wake. Nyundo ilikuwa imekuta fuawe ngumu. Leo Lugalo ni jina la kambi ya jeshi letu jijini Dar es Salaam. Tom von Prince, aliyeiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894 na kufa vitani Tanga mwezi Novemba 1914, aliitwa Bwana Sakarani, maana yake mlevi. Aghalabu jina hilo hufafanuliwa kuwa lilihusu ulevi wa vita, wala si wa pombe. Hata jina la adui wao mkubwa, Mkwawa, ni ufupisho wa Mukwavinyika, yaani mwenye kutwaa nchi nyingi.

Lakabu humfuata mwenyewe kaburini, bali cheo hurithiwa na anayekuja baadaye. Kwa hiyo majina ya vyeo husafiri mbali zaidi, na yasafiripo hubadilika.

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliajiri Misri askari wa Kisudani waliopata kutumikia jeshi la nchi hiyo. Askari hao walikuja na vyeo vyao, navyo vilikuwa vya Kituruki. Ombasha ni mkuu wa watu kumi, kwani kwa Kituruki on ni kumi na baş ni kichwa. Shaushi asili yake ni tarishi wa ikulu. Juu yake alikuwapo betshaushi, kisha soli, ambalo ni kipande tu cha jina refu la mkuu wa ubawa wa kushoto. Kwa hiyo kijana wa Kinyamwezi au wa Kimanyema aliweza kuamriwa kwa Kijerumani na ofisa wake, huku yeye akibeba cheo cha Kituruki na kuzungumza Kiswahili na wenzake.

Juu ya hao wote alikuwa effendi, cheo cha mwisho ambacho Mwafrika aliweza kukifikia katika jeshi lile. Neno hili asili yake ni Kigiriki, nalo lilimaanisha bwana mwenye mamlaka. Waturuki walilitumia hasa kwa watu waliosoma. Baadaye jeshi la King's African Rifles nalo lilikuwa na cheo hicho. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Cheo chenyewe kimekwisha, lakini neno limebaki katika umbo la afande, na sasa ni neno la heshima kwa mkubwa yeyote aliyevaa sare. Limepoteza ngazi yake, likapata watu wengi zaidi.

Jemadari limekwenda njia nyingine. Katika jeshi la Waingereza huko Bara Hindi, jemadari alikuwa ofisa wa chini kabisa miongoni mwa maofisa wa Kihindi. Kwetu pwani, majemadari waliongoza askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Unguja, na mmoja wao alifuatana na Burton na Speke katika safari yao ya bara iliyoanza mwaka 1857. Leo tusemapo jemadari, twamkusudia kamanda mkuu wa vita. Huyu alivuka bahari akiwa ofisa mdogo, akapandishwa cheo na wasemaji wenyewe.

Isidhaniwe kwamba maneno ya Ulaya yana asili tukufu zaidi. Konstebo alikuwa mwangalizi wa zizi la farasi wa mfalme wa Kirumi. Huko Ufaransa alipanda akawa mkuu wa majeshi yote, mpaka cheo hicho kilipofutwa mwaka 1627. Hapa kwetu konstebo ni ngazi ya chini katika polisi. Mashali alikuwa mtumishi wa farasi, sajini alikuwa mtumishi tu, na luteni ni mshika nafasi ya mwingine. Wanafunzi huuliza kwa nini luteni jenerali amzidi meja jenerali, ilhali meja amzidi luteni. Jibu ni kwamba huyu wa pili aliitwa hapo kale sajini-meja-jenerali. Neno la kwanza likadondoka, lakini ngazi haikubadilika.

Ajabu kuliko yote ni amiri. Neno hili la Kiarabu lilichukuliwa na Wazungu likageuka kuwa admirali, mkuu wa wanamaji. Nasi tukalipokea tena kwa mlango huo wa pili, huku lile la kwanza tukilitumia kwa mkubwa zaidi: Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Ndugu hawa wawili wamo katika kamusi moja, wala hawajuani.

Twajifunza nini? Kwanza, asili ya neno haiamui hadhi yake. Anayelikataa neno kwa kuwa lilikuwa la mtunza farasi, au kwa kuwa ni la kigeni, hana budi kuvikataa karibu vyeo vyote duniani. La muhimu katika istilahi za vyeo ni mpangilio: kila ngazi na jina lake moja, wala lisigongane na la jirani yake.

Pili, neno halina budi kusomwa katika mwaka wake. Mfasiri atakayemfanya jemadari wa 1857 kuwa jenerali atakuwa amempa mtu jeshi ambalo hakuwa nalo. Na atakayelifasiri effendi katika hati ya zamani kuwa bwana tu, atakuwa amemvua askari cheo alichokitumikia miaka mingi, pengine ndilo jambo pekee lililoandikwa juu yake. Watu hao hawapo tena wajitetee. Kalamu ya mfasiri isiwapandishe wala isiwashushe. Iwaache mahali walipokuwa wamesimama.